Dawa ya Kihoro Haiazimwi

Wazee wetu wa pwani hawakuwa maskini wa maneno ya huzuni. Walikuwa na majonzi, simanzi, jitimai, ghamu na kihoro, na kila neno lilikuwa na mahali pake. Majonzi humpata mtu aliyefiwa. Akalia, akafarijiwa, na baada ya siku zake akainuka. Kihoro ni kingine. Ni huzuni iliyoingia mwilini ikafanya makao, mtu akakosa usingizi, chakula kikawa kama mchanga kinywani, akakonda ilhali hana jeraha wala homa. "Fulani amekufa kwa kihoro." Hivyo ndivyo tulivyosikia tulipokuwa wadogo, na aliyesema hivyo hakuwa akipamba maneno. Alikuwa akitaja maradhi yaliyoua.

Madaktari wa leo huyaita maradhi hayo sonona, kutokana na kusononeka, yaani kuumia ndani kwa ndani. Wanasema kwamba mtu akikaa muda wa wiki mbili au zaidi, takriban kila siku, moyo wake umekuwa mzito au hapendezwi tena na yale aliyokuwa akiyapenda, kisha akawa hali vyema, halali vyema, hana nguvu, hawezi kutuliza fikra, na anajiona si kitu, basi huyo apelekwe akaangaliwe. Na ikiwa ameanza kusema bora afe, asingojewe wiki mbili wala siku mbili.

Leo nimekusudia kuzungumza na wasomaji wangu juu ya dawa za maradhi haya, na hasa juu ya mtindo tulio nao wa kuazimana dawa kama tunavyoazimana sinia na mbuzi ya nazi. Jirani akisema usingizi umemhama, hatufikiri mara mbili: twafungua kabati, twamtolea vidonge vilivyombakisha mama mkwe, na twamwambia ameze kimoja usiku. Twafanya kwa wema. Lakini wema usio na ujuzi una hatari yake.

SI UPUNGUFU WA IMANI

Kabla ya kuifikia dawa, kuna ukuta wa kuuvuka. Wako wenzetu wasemao kwamba muumini hapatwi na sonona, na kwamba anayepatwa imani yake ina tobo. Mimi nilisoma chuoni, nikakaa mkekani mbele ya maalim wangu miaka mingi, na sikupata kufundishwa hivyo. Tulifundishwa kisa cha Nabii Yaakub (a.s.), aliyemlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, naye alikuwa Nabii. Tulifundishwa kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na mwaka ulioitwa Mwaka wa Huzuni, alipofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib. Na tulifundishwa kwamba aliwahimiza watu wajitibu, kwa kuwa Mola hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Maneno hayo hayakubagua kati ya maradhi ya mguu na maradhi ya moyo.

Zaidi ya hayo, elimu ya kutenganisha huzuni na huzuni ni urithi wetu. Takriban miaka 1,100 iliyopita aliishi mwanachuoni aliyeitwa Abu Zayd al-Balkhi, mtu wa nchi ya Balkh, ambayo leo imo katika Afghanistan. Alifariki mwaka 934. Aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, na humo akaigawa huzuni mafungu mawili. Fungu moja ni la huzuni ambayo sababu yake yajulikana: mtu amefiwa, au amepoteza mali au kitu akipendacho. Fungu la pili ni la huzuni isiyo na sababu ijulikanayo; humjia mtu naye hajui imetoka wapi, na al-Balkhi aliona kwamba asili yake i mwilini, katika damu. Kwa hiyo akasema matibabu nayo yasiwe mamoja. Wa kwanza azungumziwe, apewe mawaidha na fikra za kumtuliza. Wa pili atibiwe mwili pamoja na kuzungumziwa.

Naomba msomaji aliweke akilini jambo hilo: kwamba kumtazama mgonjwa kwanza, ndipo ichaguliwe dawa, si mambo ya kizungu tuliyoletewa jana.

KISA CHA NAHODHA

Ninaye rafiki, nahodha aliyestaafu, mtu wa miaka sitini na kitu. Jina lake silitaji, na mwenyewe ameniruhusu niseme. Mkewe alipofariki, alikaa eda ya moyo ambayo haikwisha. Mwezi wa kwanza tulisema ni haki yake. Mwezi wa nne alikuwa haji msikitini ila Ijumaa, na Ijumaa nyingine haji. Bao hachezi. Baharini hatazami, na nyumba yake inatazamana na bahari. Siku moja aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya papa: "Ndugu yangu, maji yangenichukua zamani, ningepumzika."

Dada yake alikuwa na vidonge vya amitriptilini. Dawa hiyo ni ya sonona, lakini yeye hakuandikiwa kwa sonona. Aliandikiwa kiasi kidogo kwa maumivu ya neva za miguu yaliyoletwa na ugonjwa wa sukari, kwani dawa hiyo hutumika kwa mambo yote mawili. Alipoona ndugu yake halali, akampa. Nahodha akameza kimoja, kisha viwili, kisha vitatu. Usiku wa tatu akashindwa kukojoa. Alfajiri tulimchukua hospitali anagugumia, tumbo limejaa kama ngoma, ikabidi atiwe mpira ndipo akapata nafuu.

Sababu yake ni rahisi ukiijua. Amitriptilini hukausha: hukausha kinywa, hufunga choo, na humzuia mkojo mtu ambaye tezi dume yake imekua, jambo ambalo ni la kawaida kwa wanaume wa umri wetu. Aidha yaweza kudhuru mapigo ya moyo na kuzidisha presha ya macho. Tena ni dawa ambayo mtu akimeza nyingi kwa pamoja humwua. Fikiri basi: mtu aliyekwisha kusema maji yamchukue, sisi tumemwekea kandoni mwa kitanda chupa ya dawa kama hiyo.

Daktari wa maradhi ya akili aliyemwona baadaye alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa mwisho. Nilikuwepo, na niliyahesabu maswali yake hata nikapoteza hesabu. "Mzee wangu, wala nini? Walala saa ngapi, waamka saa ngapi? Umepungua uzito? Dawa ya presha unayomeza ni ipi, ile ya kukojoza? Kuna mtu wa kwenu aliyewahi kuugua hivi, na alipona kwa dawa gani? Je, zamani umewahi kupata siku ambazo hukulala na hukuchoka, ukatumia pesa ovyo, ukajiona waweza kila kitu?" Akampima damu, akaangalia chumvi ya mwili, upungufu wa damu, na tezi ya shingoni, kwa kuwa tezi hiyo ikizembea mtu husononeka vilevile, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Mwishowe akamchagulia dawa iitwayo mirtazapini. Akatueleza kwa nini. Nahodha alikuwa halali na hali, amekonda. Dawa hiyo huleta usingizi na hamu ya chakula. Zile ziitwazo fluoksetini na setralini ni nzuri na ndizo nyingi huanzia, lakini kwa mzee anywaye dawa ya presha ya kukojoza zaweza kuishusha chumvi ya damu kwa wepesi zaidi. Akasema tena: "Lakini dada yako, mzee wangu, nisingempa hii. Yeye ana sukari na uzito, na hii ingemwongeza."

Ndugu wawili, tumbo moja, nyumba moja. Na dawa imfaayo mmoja haimfai mwenziwe.

KWA NINI DAWA HAZILINGANI

Dawa hizi zilipatikana kwa njia ya ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali moja ya New York walipewa dawa ya iproniazidi, na wauguzi wakashangaa kuwaona wamechangamka. Dawa iliyokusudiwa mapafu iligusa nyoyo. Miaka hiyohiyo daktari Roland Kuhn wa Uswisi aliwajaribia wagonjwa wake dawa ya imipramini, ambayo ilitarajiwa kwa maradhi mengine ya akili, akaona inawainua wenye sonona. Akatangaza habari hiyo mwaka 1957. Amitriptilini ni ya ukoo huo wa imipramini. Fluoksetini ilikuja baadaye, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1987.

Sasa ziko nyingi, na watu huuliza ipi iliyo bora. Mwaka 2018 ulitolewa uchunguzi uliokusanya majaribio 522 ya dawa 21, yaliyohusu watu 116,477. Zote 21 zilionekana kushinda kidonge kitupu kisicho na dawa, lakini baina yao tofauti haikuwa kubwa. Na kabla ya hapo, mwaka 2006, Wamarekani walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa wagonjwa takriban 4,000, ambao wote walianzishwa dawa moja. Takriban theluthi moja tu ndio waliopona kabisa kwa dawa hiyo ya kwanza. Waliobadilishiwa ya pili, alipona takriban mmoja katika kila wanne, na hakukuwa na kubwa la kuchagua kati ya zile walizobadilishiwa.

Hesabu hizi zina habari mbili. Ya kwanza, dawa ya kwanza isipokufaa, hujalaaniwa wala huna maradhi yasiyo na tiba. Watu wengi hupita njia hiyo. Ya pili, kwa kuwa zinakaribiana kwa nguvu, kinachochagua ni wewe mwenyewe: umri wako, maradhi yako mengine, usingizi wako, mfuko wako, na madhara ambayo waweza kuyavumilia na yale usiyoweza.

Tena kuna jambo la ini. Ini ndilo linalovunjavunja dawa, na ini la mtu huyu si la mtu yule. Wako ambao huivunja dawa upesi hata isipate kufanya kazi, na wako ambao huivunja polepole, ikajaa mwilini ikawadhuru kwa kiasi kilekile ambacho mwingine hakihisi. Jambo hilo hurithiwa katika jeni (si jini, wasomaji wangu, msije mkatafuta mganga). Mwaka 1996 wataalamu waliowachunguza Wahabeshi walikuta kwamba takriban 29 katika kila watu 100 wana nakala zilizozidi za jeni inayovunja dawa nyingi za namna hii. Na mwaka huohuo ilitangazwa habari ya namna nyingine ya jeni hiyo, iliyo ya kawaida kwa watu wa Zimbabwe, ambayo hupunguza kasi ya kuvunja. Vipo vipimo vya jeni hizo, lakini si lazima kwa kila mtu. Daktari mwangalifu huanza na kiasi kidogo, akapanda taratibu, huku akiuliza.

MWAMBIE DAKTARI USIYOULIZWA

Yako mambo yetu ambayo daktari hawezi kuyajua tusipomwambia.

La kwanza ni saumu. Nyingi katika dawa hizi humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo zaweza kuhamishiwa wakati wa futari au wa daku. Lakini usihamishe kwa fikra zako. Ziko dawa nyingine za akili, kama vile lithiamu, ambazo mtu akikaukiwa na maji kwa joto letu hili zaweza kumpandia mwilini zikamdhuru. Daktari aulizwe kabla ya mwezi kuandama, na sheikh aulizwe pia, kwa kuwa mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na kuikataa ruhusa si uchaji.

La pili ni ganda la dawa. Fluoksetini aghalabu huja katika kifuko cha jelatini, na wako ambao huona shaka juu ya asili yake. Badala ya kuitupa dawa kimyakimya, sema. Yapatikana pia ya maji, na dawa nyingine za aina hiyo ni vidonge vikavu.

La tatu, mja mzito na anyonyeshaye. Sonona baada ya kuzaa ni maradhi, si ukosefu wa shukrani wala si mama kumchukia mwanawe. Dawa zipo zilizo na hofu ndogo. Setralini, kwa mfano, huingia kidogo sana katika maziwa. Mama asiachishwe dawa wala asiachishwe kunyonyesha kwa amri ya barazani.

La nne, vile unavyotumia. Muguka hufukuza usingizi na kumfanya mtu ahangaike. Tramado ya maumivu ikikutana na baadhi ya dawa hizi yaweza kuleta mitetemeko, jasho na hata kifafa. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hulihimiza ini kuvunja dawa nyingine upesi. Na mitishamba ni dawa pia, itaje.

La tano ni vijana. Tangu 2004 Wamarekani wameamuru dawa hizi ziwe na onyo kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 onyo hilo likafikishwa hata kwa wale wa miaka 24, kwamba mwanzoni fikra za kujidhuru zaweza kuzidi kwa baadhi yao. Maana yake si kwamba kijana asitibiwe. Maana yake ni kwamba wiki za mwanzo atazamwe kwa karibu.

Na la sita ni lile swali la nahodha juu ya siku za kujiona waweza kila kitu. Mwenye maradhi ya kupanda na kushuka akipewa dawa ya sonona peke yake, yaweza kumrusha juu kuliko alivyokuwa chini.

SUBIRA, NA YASIYO KIDONGE

Panadoli hutuliza kichwa kwa saa moja. Hizi sivyo. Huanza kufanya kazi baada ya wiki mbili au zaidi, na hutakiwa zipewe wiki nne hadi sita za kiasi kinachostahili kabla ya kuhukumiwa. Balaa yake ni kwamba madhara hutangulia na faida hufuata nyuma: kichefuchefu, kinywa kikavu, usingizi au kukosa usingizi, na kupungua kwa hamu ya ndoa, ambayo wanaume wetu huacha dawa kwa ajili yake pasi na kumwambia mtu. Mwambie daktari, huenda akaibadilisha. Na ukipona, usiache siku hiyohiyo. Huendelea kwa miezi sita au zaidi, kisha hupunguzwa kidogo kidogo, kwani aachaye ghafula hupata kizunguzungu na mishtuko kichwani, akadhani amerogwa.

Wala si kila mwenye sonona ahitaji kidonge. Iliyo nyepesi yaweza kuondoka kwa mazungumzo yenye utaratibu. Nchini Uganda, utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wanakijiji waliokutanishwa katika vikundi, wakiongozwa kuzungumza juu ya misiba na mizozo yao, walipungukiwa sana na sonona. Huko Harare, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wazee kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakawasikiliza na kuwasaidia kutatua shida moja moja. Na utafiti wa mwaka 2016 ukathibitisha kwamba kazi yao inafaa. Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka masomo na makungwi wetu, na mabaraza yetu ambayo siku hizi yana simu nyingi kuliko maneno.

Kombe na dua siwezi kuzipinga, nami mwenyewe huomba. Ninachosema ni kwamba aombaye hakatazwi kumeza, na amezaye hakatazwi kuomba. Na tuache kulifanya jina la Mathari au la Port Reitz kuwa tusi la kutupiana mitaani. Neno hilo la mzaha ndilo linalomfanya mgonjwa aogope kuonekana mlangoni, akaenda kuazima dawa kwa dada yake.

Nahodha, juma la kwanza, alisinzia mpaka adhuhuri akalalamika kuwa amefanywa mtoto. Juma la tatu alikula sahani nzima ya wali. Juma la sita aliniuliza, bila ya mimi kumwanza, kama bamvua limeingia. Sikumjibu upesi, maana koo lilinikaba. Mwanawe aliyeko Dubai ndiye anayelipia dawa, kwa kuwa si rahisi, na daktari aliliuliza hilo pia kabla ya kuandika. Lau fedha zisingekuwepo, angetafuta njia nyingine, kwani dawa nzuri isiyonunulika si dawa.

Basi nawausia wasomaji wangu kwa beti moja niliyoitunga kwa ajili yao:

Dawa yako siyo yangu, ukanipa mkononi,
Kila mja na uchungu, wake uliyo moyoni,
Mwili nao una fungu, la kiasi na mizani,
Mpozaji ndiye Mungu, sababu i tabibuni.

Fungueni kabati zenu leo. Vidonge vilivyobaki virudisheni kwa mwuza dawa au hospitali. Na yule jirani asiyelala, badala ya kumpa kidonge, mshikeni mkono mumpeleke. Wabillahi tawfiq.